Rangi mbili za jero: bakteria wa mdomoni wanakucheka!

Mimi mzima, ila nina pengo. Gego la chini upande wa kushoto halipo tena, na kwa wiki mbili hivi nilikuwa natafuna upande mmoja kama mbuzi mgonjwa. Wale mlioniona mtaani nimevimba shavu mkadhani nimefumaniwa na mke wa mtu, poleni sana, leo mnaupata ukweli wenyewe.

Kisa kilianza kama mwaka mmoja nyuma. Jino lilikuwa na tundu la siku nyingi, nikalizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mwenzake mwenye makelele. Ikiingia punje ya wali naichokoa na njiti, maisha yanaendelea. Usiku mmoja likaanza kupwita. Wee acha tu! Aliyewahi kuumwa jino anajua, saa nane za usiku unajikuta unahesabu mabati. Kulipokucha nikakimbilia duka la dawa la mtaani kwetu. Sikusema hata naumwa nini.

"Dada, mambo? Nipe rangi mbili za jero."

Dada wa watu akakata vidonge vinne, akavifunga kwenye kikaratasi. Hakuniuliza kitu na mimi sikumuuliza kitu. Viwili nikavimeza palepale, kimoja usiku, kimoja kesho yake. Siku ya tatu maumivu yakawa yamekwisha, nikatembea kifua mbele nikiwaambia washikaji wa kijiweni kwamba madaktari wa meno wanakula hela za watu bure. Mchezo huo niliucheza mara nne katika mwaka mmoja. Mara nne! Na kila mara nikawa najiona mjanja zaidi.

Mara ya tano nikanunua vya jero kama kawaida, nikameza, jino likauchuna. Nikaongeza vya jero nyingine. Wapi! Kufika siku ya tatu shavu limejaa, chini ya taya pamekuwa pagumu kama ubao, mdomo haufunguki hata kuingiza kijiko, na mate nayatema kwenye kopo kwa sababu kumeza ni shughuli. Bi mkubwa akaniangalia mara moja tu, hakubishana na mtu, akaita bajaji.

Dokta wa meno niliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mpole, wa kumwamkia shikamoo bila kulazimishwa. Aliniuliza nimemeza dawa gani. Nikasema, kwa taabu, "Rangi mbili."

"Rangi mbili ipi, baba?"

Hapo nikanyamaza. Jamani, mnajua kwamba rangi mbili ni jina la ganda tu, si jina la dawa? Amoksilini huja kwenye ganda la rangi mbili, tetrasaiklini vilevile, na hata dawa nyingine za kutuliza maumivu tu ambazo haziui bakteria hata mmoja. Mwaka mzima nilikuwa nakunywa rangi. Mpaka leo sijui nilimeza nini, na sidhani kama kila mara kilikuwa kitu kilekile.

Walinilaza siku nne. Wakapasua wakatoa usaha, nikachomwa sindano za mshipani za aina mbili kwa saa maalumu, na jino likang'olewa. Uvimbe wa namna ile unaoshuka chini ya taya una historia yake. Daktari mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza mwaka 1836, na mpaka leo madaktari wanauita kwa jina lake. Enzi hizo waliokumbwa nao walikufa wengi, kwa sababu shingo ikivimba kwa ndani njia ya hewa inafunga. Yaani nilikuwa naelekea kufa kwa tundu la jino ambalo lingezibwa mapema nisingekuwa na habari yoyote ya kuwaandikia.

Nilipopata nafuu nikarudi kwa yule mama kumsumbua kwa maswali, halafu nikaenda kusoma. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na baiolojia nilipata ya kuponea, lakini jambo hili halihitaji chuo kikuu.

Tuanze na wenye nyumba. Mdomoni mwa binadamu zimetambuliwa aina karibu 700 za bakteria. Usishtuke, wengi ni raia wema, na wakiwepo wanawabana wakorofi wasipate nafasi. Wa kwanza kuwaona alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aitwaye Antonie van Leeuwenhoek, aliyekuwa anajitengenezea lenzi mwenyewe. Mwaka 1683 aliandikia Chama cha Kifalme cha Uingereza, kile cha wanasayansi wa London, kwamba amekwangua uchafu mweupe kwenye meno yake akaona humo vidudu hai vinaogelea. Jamaa hakuishia hapo. Akajaribu kusukutua na siki. Akagundua kwamba vidudu vya juu juu vilikufa, lakini vilivyojificha ndani ya ule uchafu vilikuwa vinapeta tu, siki haikuwafikia.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya mdomo, na ina zaidi ya miaka 300. Ule utando unaouona kwenye meno asubuhi, ambao ukikaa bila kusuguliwa unageuka kuwa ukoga mgumu, ni mji. Bakteria wanaishi humo kwa maghorofa, wamejigandisha kwa utelezi wanaoutengeneza wenyewe. Waliomo ndani wanaweza kuhimili dawa nyingi kuliko wenzao wanaoelea peke yao, wakati mwingine hadi mara 1,000. Sasa wewe unawapelekea vidonge vinne.

Hebu tuone kidonge kimoja kinafanya nini. Chukua amoksilini ya miligramu 500. Ukiimeza inaingia kwenye damu, inapanda, halafu figo zinaanza kuitoa kwenye mkojo. Kila baada ya saa moja hivi nusu ya iliyobaki inaondoka. Piga hesabu mwenyewe: nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita. Baada ya saa nane imebaki chini ya sehemu moja ya mia mbili. Ndiyo maana dawa hii inaandikwa kila baada ya saa nane, na si pale jino litakapokukumbusha. Dawa za ukoo huu zinaua kwa kukaa juu ya kiwango fulani kwa muda mrefu. Zikishuka chini ya kiwango hicho, bakteria anapumua, anajifuta jasho, anaendelea kuzaa.

Na hapo ndipo noma inapoanza, kwa sababu dawa kidogo ina kazi yake nyingine. Ukimwaga dozi ndogo katikati ya kundi, wanaokufa kwanza ni wale dhaifu, na mara nyingi ndio hao raia wema niliowasema. Wanaobaki ni wenye ngozi ngumu. Wanapata uwanja mtupu na chakula chote ni chao. Wanazaana. Mara ya pili ukileta dozi ileile unakuta sehemu kubwa ya kundi ni watoto wa wale waliokushinda mara ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo mara nne. Kama ningekuwa nafuga mbwa wakali, ningesifiwa kwa kuchagua mbegu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha jambo ambalo lilinitoa usingizi. Walichukua bakteria wa tumboni, sugu na wasio sugu, wakawachanganya kwenye dawa kidogo mno, chini kabisa ya kiwango kinachoweza kuwazuia kukua, kwa dawa nyingine mara zaidi ya mia chini yake. Hata kwa tone hilo, sugu waliwashinda wenzao. Hao ni bakteria wa tumboni, lakini hesabu ya kushindana ni moja. Halafu maabara nyingi zimeona kwamba baadhi ya bakteria wakiguswa na dawa isiyowaua wanashtuka na kuzidisha ule utelezi wao. Yaani badala ya kubomoa ghorofa, unawapelekea saruji.

Tena hawategemei kuzaana tu. Bakteria wanapeana ujuzi mkononi, jirani kwa jirani, hata wa ukoo mwingine, kwa kupeana vipande vya vinasaba. Na wapo wanaowakinga wenzao. Kwenye majipu ya meno kuna kundi liitwalo Prevotella, na baadhi yao wanatoa kimeng'enya kinachokatakata penisilini na amoksilini kabla haijafika mwilini mwao. Akiwepo huyo, hata jirani yake asiye na silaha anapona, kama mtu aliyesimama nyuma ya baunsa. Dozi kubwa pengine ingemzidi nguvu, lakini dozi ya jero anaimaliza bila kutoka jasho. Ndiyo maana mimi sindano zilikuwa aina mbili.

Sasa najua kuna msomaji ananing'ang'ania macho: "Mbona mimi nikimeza viwili jino linapoa?" Swali zuri, na ndilo lililonipumbaza mwaka mzima.

Jino linapooza, katikati yake kuna chumba chenye mshipa wa fahamu na mishipa midogo ya damu. Bakteria wakifika humo kunavimba, na kwa kuwa kuta za jino hazitanuki, mshipa unabanwa, ndiyo kule kupwita. Baada ya siku chache mshipa wenyewe unakufa. Ukishakufa hausikii tena. Kimya! Unasema dawa imefanya kazi, kumbe aliyekuwa analia amekufa. Wakati mwingine usaha unajitafutia njia kwenye fizi, presha inapungua, unapata nafuu. Hayo yanatokea umeze rangi mbili au umeze karanga.

Na chumba kile mshipa ukishakufa damu haifiki tena. Dawa inasafiri kwa damu. Kama damu haifiki, dawa itafikaje? Bakteria wamekaa ndani ya jino lililokufa kama majambazi kwenye nyumba isiyo na mlango, na wewe unapitisha polisi barabara kuu. Ndiyo maana mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba kwa maumivu mengi ya jino watu wazima wasipewe antibayotiki hata kidogo, wapewe dawa ya maumivu na jino lenyewe lishughulikiwe: lizibwe, litibiwe mzizi, au ling'olewe. Antibayotiki inakuja pale ambapo mambo yameshatoka nje ya jino, homa, uvimbe unaosambaa, mwili kuchoka. Hapo ni kati ya siku 3 na 7, na daktari anakuangalia tena. Kwa amoksilini hiyo ni vidonge 9 hadi 21. Mimi nilikuwa na vinne.

Kuna wale mafundi wengine ambao hawamezi kabisa. Wanapasua ganda, wanamimina ule unga kwenye tundu la jino. Na mimi nilifanya, sijifichi, mara ya tatu. Unasikia uchungu mdomo mzima, unajisikia mtaalamu. Dokta aliponisikia alicheka mpaka akavua miwani. Mate yanausomba unga ule kwa dakika chache, unaokuna fizi unaiunguza, na kinachobaki ni maji yenye dawa kiduchu yanayozunguka kwenye meno yote. Ukitaka kuwapa bakteria mafunzo ya mgambo, hakuna kambi bora kuliko hiyo.

Nikifika hapa naacha utani kidogo. Nyumbani tunaishi na mtoto wa dada yangu, ana miaka miwili, mimi ndiye anko wake wa kumlisha. Namwonjea uji kwa kijiko kilekile, kama kikiwa cha moto nakipuliza, kikipoa namlisha. Nyumba ngapi hazifanyi hivyo? Lakini bakteria wa meno mabovu huhamia kwa watoto kwa mate ya wakubwa, hilo linajulikana siku nyingi. Na kuna bakteria mmoja mpole wa mdomoni, Streptococcus mitis, ambaye hana shida na mtu. Ndugu yake, Streptococcus pneumoniae, ndiye anayeleta nimonia, homa ya uti wa mgongo na masikio kutoa usaha kwa watoto. Wanasayansi walipochunguza vinasaba vya hao wa nimonia walioshindikana kwa penisilini, walikuta ndani yake vipande vilivyotoka kwa yule mpole. Aliyepata usugu kwanza alikuwa mpole, akampa nduguye.

Kwa hiyo usiku ule wodini, nikiwa na mpira wa dripu mkononi, nilikuwa nawaza kijiko. Mtoto mpaka sasa mzima kabisa, anakimbiza kuku. Ila sasa ana kijiko chake na mimi nina changu.

Aliyetabiri kasheshe hii alikuwa ni mwenye dawa mwenyewe. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, na Desemba 1945 alipokwenda Stockholm kupokea Nobel, badala ya kujisifu akatoa kisa cha kubuni. Bwana fulani anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anameza isiyotosha kuwaua vijidudu lakini inayotosha kuwafundisha. Anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haimsaidii tena, anakufa. Fleming akauliza nani wa kulaumiwa, na jibu lake lilikuwa ni yule bwana. Ni mwaka 1945 huo. Mwaka 2019 peke yake, utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria walioshindikana kwa dawa, na kiwango kikubwa kuliko kote kilikuwa Afrika Magharibi.

Wajuaji wa kijiweni wataniletea hoja moja, bora niimalize mapema. Ni kweli kuna dozi ndogo inayotolewa makusudi kwa ugonjwa wa fizi. Ni doksisaiklini ya miligramu 20, mara mbili kwa siku, na Marekani waliiruhusu mwaka 1998. Lakini dawa hiyo haitumwi kuua bakteria, ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Inatumwa kuzuia vimeng'enya vya mwili wako mwenyewe vinavyokula fizi wakati zimevimba, na inatolewa na daktari baada ya meno kusafishwa hadi chini ya fizi. Kapsuli ya kawaida ni miligramu 100. Nakuona unavyoiangalia, umeshaanza kuigawa mara tano. Acha.

Na kuhusu kumaliza dozi: mwenye kuikata ni yule aliyeiandika. Wapo madaktari wa meno wanaosema ukipona siku ya tatu rudi nikuone, pengine nikuachishe. Hiyo ni sawa. Ambayo si sawa ni wewe kujiachisha ili ubakishe vitatu kwenye droo kwa ajili ya jino la mwezi ujao au la shemeji yako. Vile vya droo ndivyo vinavyogeuka kuwa dozi ya jero. Ukiandikiwa na Flagyl, bia weka pembeni, nasikia huwa inakusuta vibaya sana. Tetrasaiklini usimpe mtoto mdogo wala mama mjamzito, inaharibu rangi ya meno ya mtoto moja kwa moja. Na ukiona ulimi na mashavu yameota utando mweupe kama maziwa baada ya kumeza meza hizi dawa, hao ni fangasi, wamepata nafasi kwa kuwa raia wema wameuawa.

Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukishindwa kumeza mate, mdomo ukagoma kufunguka au pumzi ikawa ya shida, usipite dukani kwanza. Ita bajaji.

Yule dada wa duka la dawa bado tunasalimiana. Juzi nilipita, mbele yangu kuna kijana ameshika shavu, anaomba za jero. Nikafungua mdomo nikamwonyesha pengo. Akaniangalia, akamwangalia dada, akaniuliza, "Kung'oa shilingi ngapi, braza?" Nikamwambia bei niliyolipa mimi, kitanda na sindano ndani yake, halafu nikamwambia bei ya kuziba niliyoambiwa na dokta kwa hili gego la upande wa pili, maana nalo lina tundu. Akanunua Panadol akaondoka. Sijui kama alikwenda hospitali.

Mimi miadi yangu ni Jumatatu saa nne asubuhi. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, nikiwa natafuna pande zote mbili.